Homosisteini ya baba imefika 22

Dada wa Wete, nimekusoma. Baba ana sukari, anatumia dawa yake, metformini, miaka mingi, nyayo zinamfa ganzi, na homosisteini, kemikali inayopimwa kwenye damu, imetoka 22 wakati kawaida ni kama 5 hadi 15. Unataka kumnunulia vidonge vya foliki asidi, yaani vitamini B9. Tafadhali usianze na hivyo.

Metformini ya muda mrefu hupunguza vitamini B12, na B12 ikipungua homosisteini hupanda. Foliki asidi peke yake yaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu inazidi kuharibika. Mama yangu yalimkuta: alimeza vidonge vya damu miezi, hata kandambili ikimvuka mguuni asihisi. Mwombe daktari ampime B12, figo na tezi ya shingo. Metformini asiiache mwenyewe.

Homosisteini ya juu huandamana na maradhi ya moyo na kiharusi, lakini kuishusha kwa vitamini hakujathibitika kuzuia shambulio la moyo. Kwa hiyo shikilieni presha na sukari, na sigara aache. Dagaa, pweza na mayai vina B12. Mchicha una foliki asidi ya asili, usiuchemshe mno ikapotea.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, mkimbizeni hospitali saa ile ile.