Viti viwili vya mtumba: nimnunulie mtoto kipi?

SWALI: Mwanangu ana miezi 10. Nimeonyeshwa viti viwili vya gari vya mtumba, kimoja kina lebo ya R44/04, kingine R129. Bei zinakaribiana. Nichukue kipi? Mama K., Tanga

JIBU: Mama K., chukua cha R129, ilimradi hakijawahi kupata ajali na urefu wa mtoto umo ndani ya vipimo vya lebo. R44 na R129 ni kanuni za kimataifa za usalama wa viti vya watoto vya gari; R129, iliyoanza 2013, inadai kiti kijaribiwe pia kwa kugongwa ubavuni, R44 ya zamani haidai. R129 inataka pia mtoto atazame nyuma ya gari mpaka apite miezi 15. Kichwa chake ni kizito, shingo bado laini; gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti ndio upokee kishindo.

Kabla ya kulipa vua kitambaa chote, ukague plastiki. Ukiona mstari mweupe mwembamba kama uzi kwenye kona, kiache.

Makosa mengi yako kwenye ufungaji. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Finya mkanda wa kiti unaopita begani mwa mtoto kwa vidole viwili, ukikunjika, umelegea. Na usikiweke kamwe mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi.