Górecki: wanaolia na wanaopiga miayo

Ndugu, umeuliza kwa nini rekodi ya Simfonia ya 3 (utungo mrefu wa okestra) ya Górecki, mtunzi wa Poland, ile ya 1992 aliyoimba soprano Mmarekani Dawn Upshaw, inawaliza rafiki zako wengine na kuwachosha wengine. Ubishi huo si wa leo. Ilipopigwa mara ya kwanza Royan, Ufaransa, 1977, wapo wakosoaji walioiponda. Rekodi hii ikaja kuuza nakala zaidi ya milioni. Sehemu zote tatu zinakwenda polepole, kwa hiyo anayelalamika ana hoja. Wewe anza na ya pili, ndiyo fupi: maneno yake yaliandikwa na msichana wa miaka 18 kwenye ukuta wa seli ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Zakopane, Poland. Ikikugusa, ndipo urudi ya kwanza, tena kwa spika nzuri. Zile besi za mwanzo hazisikiki kwenye simu.