Je, hatifungani ya kijani ni salama zaidi?

SWALI: Mhariri, nimestaafu ualimu na nimetenga sehemu ya kiinua mgongo changu. Dalali ananishauri ninunue hatifungani ya kijani, akisema kwamba taasisi zinazojali mazingira, jamii na utawala bora hazianguki ovyo. Je, ni kweli?
Mstaafu, Korogwe

JIBU: Hatifungani ni mkopo unaoipa taasisi ili ikulipe riba, na jina la "kijani" peke yake halikupunguzii hatari, kwa sababu linaeleza fedha zako zitatumika wapi, wala haligusi uwezo wa atakayekulipa. Benki ya CRDB ilipouza Kijani Bond mwaka 2023, kwa riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka, fedha zilikusudiwa miradi rafiki kwa mazingira, lakini mdaiwa wako ni benki nzima, hata mradi mmoja ukifa. Hapo unachopima ni afya ya benki.

Hatifungani ya Tanga Uwasa ya mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, inahitaji macho zaidi, maana mlipaji ni mamlaka ya maji inayoishi kwa ankara za wateja wake. Maji hayo hutoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Usambara Mashariki hadi Bwawa la Mabayani. Msitu ukifyekwa na kingo za mto zikilimwa, masika hushusha tope bwawani, kina kikapungua na dawa za kusafishia maji zikaongezeka, na gharama hizo zote hutoka katika kapu lile lile linalokulipa riba. Kwa hiyo anayeuliza hali ya Zigi anafanya hesabu ya fedha, ingawa dalali wengi hulitaja suala hilo kama sadaka. Upande wa jamii, bei ya maji huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa serikali wa huduma za nishati na maji, hivyo mamlaka haiwezi kuipandisha itakavyo ili kufidia hasara. Upande wa utawala, soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hasa kuhusu maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye mita.

Sifa zinazotolewa na wapimaji wa nje nazo zichukue kwa tahadhari. Volkswagen ilikuwa imo katika fahirisi ya Dow Jones ya kampuni endelevu, yaani orodha ya kampuni zinazosifiwa kwa kujali mazingira na jamii, hadi Septemba 2015, ilipobainika kwamba magari yake ya dizeli yalifungwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na ndani ya siku chache hisa zake zikapoteza takriban theluthi moja ya thamani. Fahirisi iliiondoa baadaye, wenye hisa wakiwa wameshaumia.

Mwombe dalali waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya mtoaji kuhusu hatifungani anayouza, usome sehemu ya vihatarishi kabla ya ile ya matumizi ya fedha. Kwa umri wako ningeanza na muda: ukihitaji fedha kabla ya miaka 10 kwisha, itakubidi uuze katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako mnunuzi huenda asipatikane upesi, au akataka bei ya chini kuliko uliyonunulia.