Tuchague usiku gani wa kutazama nyota na watoto?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka minne, saba na kumi na mmoja, nami ninaishi Kisauni. Mwaka jana tuliwapeleka kwenye jioni ya kutazama nyota iliyoandaliwa na kikundi kimoja hapa mjini. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Tulipanga foleni karibu saa nzima, mdogo akalala begani, na mkubwa alipofikiwa na zamu yake alisema ameona duara jeupe linaloumiza jicho. Sasa wazazi wa mtaani kwetu tunataka kuandaa jioni yetu wenyewe ufukweni, na mwalimu mmoja amekubali kutuazima darubini. Tuchague usiku gani, na tuupange vipi?

JIBU: Mama, jioni ile iliharibiwa na tarehe yake. Mwezi mpevu hupigwa na jua usoni moja kwa moja, kwa hiyo milima na mashimo yake hayatoi vivuli, na mbalamwezi yenyewe hufifisha nyota zote isipokuwa zile kubwa. Chagueni mwezi sita, saba au nane, yaani siku ya sita hadi ya nane kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo nyumba nyingi za Mombasa zinaijua bila ya kuuliza. Siku hizo mwezi huwa nusu, nao huwa juu sana wakati jua linapotua. Pale mwanga unapokutana na giza vivuli huwa virefu, na hata mtoto wa miaka minne huyaona mashimo waziwazi, kama alama za vidole kwenye unga uliokandwa. Tena hicho ni kipindi cha maji mafu, ambapo bahari haipandi mbali kama siku za bamvua, na hilo si jambo dogo kwa wenye watoto na mikeka ufukweni.

Kwa upande wa majira, mimi ningengoja kaskazi, Januari au Februari, kabla ya mvua za masika. Tafuteni pahali pasipo na taa za barabarani wala za hoteli; bustani ya Mama Ngina ni nzuri kwa kupunga upepo, lakini kwa nyota inang'aa mno.

Anzeni baada ya swala ya Isha, mnamo saa mbili usiku, giza likiwa limekamilika. Macho huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza, na simu moja ikiwashwa kumulika kikapu cha mahamri huwarudisha wote mwanzo, kwa hiyo tumieni tochi moja tu, iliyofungwa kitambaa chekundu.

Sasa nakuomba jambo ninalolijali kuliko yote: darubini ije mwisho. Walazeni watoto chali juu ya mikeka, waonyesheni Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ambalo Januari saa mbili usiku huwa juu, upande wa kaskazini kidogo, na kila mtoto ahesabu nyota anazoziona. Wengi wataishia tano au sita. Waambieni kwamba jina hilo linatokana na kulima, na kwamba wazee walipima misimu kwa kundi hilo, wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kisha wageukie kusini waitafute Suheli, nyota kubwa nyeupe ambayo manahodha walilitumia jina lake kuitaja kusini yenyewe. Kama mtaani kwenu yuko mzee aliyesafiri na majahazi, mwiteni akae katikati ya watoto. Sijui mwalimu bora kuliko yeye kwa usiku kama huo.

Baada ya hapo watoto waitwe kwenye darubini mmoja mmoja, wengine wakibaki mkekani, na foleni haitakuwapo. Mkubwa wako mpeni kazi ya kuirudisha darubini kwenye shabaha, kwa sababu dunia inazunguka, na baada ya dakika moja au mbili mwezi hutoka kwenye kioo. Akiielewa sababu hiyo kwa mikono yake mwenyewe, hataisahau. Iwapo Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, inaonekana jioni hizo, mwonyesheni miezi yake minne, ile ile aliyoiona mwanafalaki Galileo mwaka 1610. Mwambieni pia kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani, ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi, katika pwani hii hii yetu.

Darubini isifunguliwe kabla jua halijazama, kwa maana kulitazama jua kwa darubini hata mara moja kunaweza kumpofusha mtoto. Mdogo alale mchana, na mbebe kanga za kujifunika pamoja na dawa ya mbu. Mawingu yakitanda, ahirisheni hadi usiku unaofuata; hata mwezi tisa au kumi bado una vivuli vya kutosha.