Ni zuwakulu, si kigong'ota

Umeuliza ni ndege gani huyo mwenye madoadoa meusi na njano aliyetoboa shimo kwenye uwanja wako hapo Chamwino: ni zuwakulu. Wengi wa jamii yake hutoboa miti mikavu, ila huyu huchimba ardhi tambarare: hushuka wima karibu sentimita 60 hadi 90, kisha hukata pembeni na kupanda kidogo ndipo kilipo chumba cha mayai. Nimewaona tangu nachunga mbuzi Kongwa, dume na jike wakiimba kwa kupokezana kichakani. Waliokujibu kuwa ni kigong'ota hawako mbali sana, ndege hao wawili ni ndugu, hata vidole vyao ni viwili mbele na viwili nyuma. Tukani, wale ndege wa Amerika Kusini wenye midomo mikubwa, pia wamo kwenye ukoo huo. Tafadhali usilifukie shimo, huenda mna makinda.