Wamezima kamera, niwafikieje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu kwa mtandao. Wanafunzi ni 38, wengi wako kazini mchana. Kwenye Zoom kamera zote zimezimwa, nikiuliza "tupo pamoja?" kimya. Nikarekodi video ya dakika 22 kueleza muhula mzima. Waliojibu ni wawili, na mmoja aliuliza kama ninayo kwa maandishi. Nimekosea wapi?
E., Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo aliyeomba maandishi kakupa jibu lote. Ratiba, tarehe za mitihani na alama, andika. Video iachie kazi ya kupiga hodi.

Mimi hutuma moja kila Jumatatu jioni, na siirekodi mpaka niwe na kitu kilichotoka kwao. "Nimesahihisha kazi zenu. Kumi na mmoja, pesa aliyochukua mwenye duka kununulia unga wa nyumbani mmeiweka kwenye gharama za biashara." Halafu nainua daftari, nawaonyesha mstari kwa kidole. Hapo wanajua kuna mtu amesoma. Ile video ya duara ya WhatsApp inakomea sekunde 60, nayo inanitosha kabisa, inanizuia kuropoka.

Aliyefeli usimtaje kwenye kundi. Mfuate inboksi, mwite kwa jina. Wala usimdai naye ajibu kwa video: huenda yuko kwenye daladala, au chumba kimoja wanalala wanne. Sauti au maandishi, yote sawa.

Angalia na bando. Muhula wangu wa kwanza video niliituma kama faili, eti picha isipoteze ubora. Dakika mbili zikala zaidi ya MB 200. Mama mmoja mwenye genge akaniandikia: "Mwalimu, umenimalizia bando la wiki." Siku hizi ikizidi ile ya duara naituma kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana yenyewe, na chini yake naweka mistari mitatu ya nilichosema.

Usirudie kurekodi kwa sababu ulimi umeteleza. Jirani yangu ana jogoo asiyejua saa. Zamani nilikuwa nafuta na kuanza upya, kisha nikachoka, nikamwacha awike. Wiki moja hakuwika. Kijana ambaye tangu muhula uanze hakuwa ametia neno akaandika: "Mwalimu, jogoo mmemla?"