Umeongeza RAM, kompyuta imegoma kuwaka: majibu ya maswali yenu

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mtu kaongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye kompyuta ya mezani, kabonyeza kitufe, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Wengi wenu mmeshaamua kuwa RAM ni mbovu na mnataka kumrudia muuzaji kwa ugomvi. Subirini kwanza. RAM mbovu ni nadra kuliko RAM nzima iliyowekwa kwenye mashine isiyoihusu.

Shikamoo fundi. Nina HP Compaq 8200 Elite ya mtumba. Nimeongeza RAM ya 4GB juu ya ile niliyoikuta. Sasa nikiwasha inalia mara tano na taa nyekundu inawaka na kuzimika. Nimeiua? (Morogoro)

Marahaba. Hujaiua, na inakuambia yenyewe inaumwa wapi: milio mitano pamoja na taa nyekundu kwenye HP za kizazi hicho ni tatizo la RAM.

Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Toa RAM zote. Rudisha ya zamani peke yake kwenye sloti iliyokuwamo, uwashe. Ikiwaka, itoe, uweke mpya peke yake kwenye sloti hiyohiyo. Ikiwaka tena, basi RAM zote mbili ni nzima, na ugomvi uko kwenye sloti ya pili au kwenye kuziweka pamoja. Isipowaka, ndipo uanze kuishuku hiyo mpya.

Ila kabla ya kuishuku, hakikisha imeingia. Mtu anabonyeza upande mmoja, kibanio kinalia "tak", anaridhika, kumbe upande wa pili uko juu kwa milimita mbili. Weka vidole gumba kwenye pembe zote mbili, ubonyeze mpaka vibanio vyote vijifunge vyenyewe. Inahitaji nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kama haiendi kabisa, acha kulazimisha, utazame pengo lililo kati ya meno ya dhahabu ya RAM: kwenye DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, halipo mahali pamoja, na hakuna nguvu itakayoyapatanisha.

Jambo la mwisho ni uchafu, hasa kwenu mlio pwani, ambako hewa ya chumvi hula meno ya RAM polepole. Yasugue taratibu kwa ufutio laini wa penseli, ufute mabaki kwa kitambaa chenye spiriti safi, uache yakauke. Msasa hapana. Nimeletewa RAM zilizopigwa msasa mpaka dhahabu ikaisha, na hapo hakuna tena la kufanya.

Kaka fundi, nimenunua RAM ya 8GB Kariakoo kwa bei nzuri sana, ya Dell OptiPlex 7010. Imeingia vizuri, pengo limekaa sawa, ni DDR3 kama ya zamani, lakini haiwaki hata ikiwa peke yake. Stika inasema 2Rx4 PC3-12800R. (Dar es Salaam)

Dada, jibu umeliandika mwenyewe mwishoni mwa swali. Ni hiyo herufi R.

Tuisome stika yako kidogo kidogo. PC3 ni DDR3. Ile 12800 ni kasi kwa megabaiti kwa sekunde, na ukigawa kwa 8 unapata 1600, namba ambayo wauzaji huitaja zaidi. 2R ni safu mbili za chipu. x4 ni upana wa kila chipu kwa biti. Herufi ya mwisho ndiyo inayosema RAM ilitengenezwa kwa ajili ya mashine gani: U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva.

OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 (siyo ile ya 2023 iliyopewa jina hilohilo) inataka U. RAM ya R ina chipu ya ziada inayosimama kati ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na chipu nyingine za RAM, na prosesa ya mezani haijui kuongea nayo. Mtego ni kwamba kwenye DDR3 zote mbili zina meno 240 na pengo mahali palepale, kwa hiyo inaingia bila ubishi wowote.

Seva zikistaafishwa Ulaya na kwingineko, RAM zake hufika sokoni kwetu kwa wingi na kwa bei ya chini. Muuzaji anaweza kuwa hajui. Anaangalia GB na DDR tu, kama wanunuzi wengi. Mrudie kwa amani, umwonyeshe herufi, mbadilishane.

Na stika ikiwa imebanduka? Geuza RAM, uhesabu chipu kubwa za upande mmoja. Ya mezani ya kawaida huwa na nane, au nne kwa zile ndogo. Ukiona tisa, ni dalili ya seva. Ukiona na chipu nyingine ya umbo tofauti katikati, usinunue. Kwa Kingston, soma namba ya bidhaa: KVR16N11 ni ya mezani, KVR16R11 ni ya seva.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Zipo RAM za DDR3 za bei ya kutupa, herufi ni U, pengo ni sawa, lakini zimejengwa kwa chipu za x4 na zinafanya kazi tu kwenye mbao kuu (motherboard) za prosesa za AMD. Nyingine zimeandikwa hivyo waziwazi kwenye tangazo la mtandaoni, mstari wa mwisho, kwa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel tafuta x8.

Habari fundi. Mashine yangu ni Core 2 Duo, ubao una chipseti (chipu inayosimamia ubao) ya G41 na sloti mbili za DDR3. RAM ya 8GB imegoma, za 2GB zinafanya kazi. (Nakuru)

Nzuri. G41 mwisho wake ni 8GB kwa jumla, yaani 4GB kila sloti. Tafuta mbili za 4GB, na uchague zenye chipu nane kila upande, kwa sababu chipseti hizo za zamani huzikataa chipu zenye ujazo mkubwa. Kwa kweli, pesa hiyo ningeiweka kwenye SSD, yaani diski ya kasi.

DDR3L inaweza kuwekwa kwenye mashine ya DDR3? (Kigoma)

Mara nyingi ndiyo. DDR3L hutumia volti 1.35 lakini nyingi huvumilia 1.5 za DDR3. Kinyume chake ndicho hatari: mbao za Intel za kizazi cha sita zenye sloti za DDR3L zisipewe DDR3 ya kawaida.

Imewaka na inaonyesha 8GB, lakini inasema zinazotumika ni 3.25GB tu. (Bujumbura)

Windows yako ni ya biti 32. Weka ya biti 64.

Fundi, mashine yangu ni mpya, Ryzen 7000 na DDR5. Nimetoka RAM mbili hadi nne. Nimewasha, kioo cheusi, nikazima, nikawasha, hivyohivyo. (Muscat)

Unaizima mapema. DDR5 kwenye mbao hizo, RAM ikibadilika, mashine huanza kwa kujipima nayo, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa bila picha yoyote. Iwashe, ukanywe chai.

Ikiwaka, utaona kasi imeshuka. Kwa RAM nne, AMD inaahidi 3600 tu kwenye prosesa hizo, wakati kwa mbili ni 5200. Usiwashe EXPO (mpangilio wa AMD wa kuongeza kasi ya RAM) kwa pupa. Kama ulikuwa umeiwasha tangu zamani, huenda ndiyo inayokwamisha, kwa hiyo futa kwanza mipangilio ya BIOS, programu ya ubao inayoiwasha mashine. Ningekuwa wewe ningeuza zote nne, nikanunua mbili kubwa.

Nimetoa RAM mpya, nimerudisha ya zamani kama ilivyokuwa, bado haiwaki! Awali ilikuwa nzima. (Tanga)

Basi mkono umegusa kingine. Ukibonyeza RAM, ubao wote unapinda kidogo. Kandamiza upya plagi ya umeme iliyo karibu na prosesa, plagi kubwa ya ubao, na kadi ya picha kama unayo. Hakikisha waya wa kioo umeurudisha kwenye kadi hiyo, siyo kwenye tundu la ubao. Hili la mwisho linachekesha mpaka likupate.

Halafu chomoa umeme, toa betri ndogo ya mviringo ya ubao (CR2032) kwa dakika kumi, uirudishe. Isipowaka, jaribu kila sloti kwa zamu ukitumia RAM moja. Sloti za upande mmoja zikikataa zote, na kuna mtu aliyetoa prosesa au kufungua feni yake wakati wa kusafisha vumbi, mwambie fundi atazame soketi ya prosesa kwa lenzi. Pini moja iliyolala inatosha kuzima nusu ya sloti, na hiyo kazi usiifanye mwenyewe kwa sindano.